Asilimia mia moja ya wafanyakazi ni yeye peke yake

Jumapili moja ya mwaka 2024, saa kumi jioni, kwenye genge la nyuma ya nyumba tuliyopanga Tabata, dada wawili wa kazi walikuwa wakisubiri kuhudumiwa. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Kwani wewe wanakupa ngapi?" Mwenzake akataja hamsini, akaongeza kuwa ya mwezi uliopita bado anaidai. Mama mwenye genge hakuinua uso kwenye mchicha aliokuwa akifunga. "Semeni taratibu," akawaambia, "huyo kaka hapo anakaa geti moja na bosi wako." Kaka mwenyewe nilikuwa mimi. Wakanyamaza, wakanunua nyanya, kila mmoja akashika njia yake.

Swali lile limenikaa kichwani. Kiwandani huulizwa kwenye foleni ya chai, na jibu hufika stoo kabla kengele haijalia. Kesho yake watu wanamtafuta wa kwenda kuongea na meneja kwa niaba yao. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kinapoanzia. Dada wa kazi hana foleni ya chai. Ana dakika kumi za genge, na hata hizo yupo jirani anayesikiliza.

Wanaomtetea mara nyingi huanza kwa kulalamika kwamba sheria haimtambui. Si kweli, na kosa hilo linamgharimu, maana linamfanya asidai kilicho chake tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar wana yao ya 2005), imewaweka kando wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Waajiriwa wengine wamo, awe anaendesha kreni bandarini au anaosha vyombo Mbezi. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Kila wiki kuna pumziko la saa 24 mfululizo, kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo, na uzazi siku 84. Pumziko la kila siku ni saa 12, ila kwa anayeishi mahali pa kazi linaweza kushushwa hadi 8. Yaani walioandika sheria walijua kabisa kwamba wapo wanaolala palepale wanapofanyia kazi.

Hata sahani ikivunjika sheria ina neno. Bosi hawezi kukata tu. Anatakiwa kwanza aonyeshe kwamba hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi ni kiasi gani na amekipataje, ampe nafasi ya kupinga, na makato yenyewe yasizidi robo ya mshahara. Nyumba ngapi umeona karatasi ya namna hiyo? Mimi sijaona hata moja. Nimeona sahani nyingi zikikatwa.

Mshahara uko kwenye amri ya kima cha chini. Ile iliyotangazwa 2022 na kuanza kutumika Januari 2023 iliwagawa wafanyakazi wa majumbani mafungu manne: walioajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa, Sh250,000, walioajiriwa na maofisa wenye stahili ya huduma hiyo, Sh200,000, wengine wasiolala kwa mwajiri, Sh120,000, na wanaolala humohumo, Sh60,000. Fungu hilo la mwisho lilikuwa Sh40,000 kwenye amri ya 2013. Toa 60,000 kwenye 120,000, utapata bei ambayo amri hiyo ilikipa kile kichumba cha kando ya stoo pamoja na sahani ya ugali: nusu nzima ya mshahara. Vyumba vya kupanga vya bei hiyo vipo mtaani kwetu, lakini mpangaji wake haamshwi saa kumi alfajiri kuandaa uji wa mtoto. Kenya wao hawaangalii cheo cha bosi, wanaangalia mji. Amri yao ya 2022 iliweka KSh15,201.65 kwa mwezi kwa majiji kama Nairobi na Mombasa.

Kwa hiyo yule wa hamsini pale gengeni alikuwa analipwa chini ya kima cha chini. Hakujua. Sina hakika kama bosi wake naye alijua, na sidhani kama aliwahi kuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa nyumbani kwake hilo halikuwa likiitwa ajira.

Lilikuwa likiitwa msaada. "Tumemchukua tu tumsaidie." "Huyu ni kama mwanangu." Nami nimeyasema hayo kuhusu binti anayetusaidia nyumbani, na nilipoyasema niliyaamini. Tunamwita dada, naye anatuita kaka na mama, watoto wanampenda kuliko shangazi zao. Jina la kejeli, beki tatu, tunalibakiza kwa mazungumzo ya vijiweni. Lakini undugu huu huenda upande mmoja. Ndugu haulizwi saa za ziada, wala ndugu haombi mkataba, kwa hiyo akiomba anaonekana mkosa adabu. Upande wa pili, mwanangu halisi akivunja sahani sikati kitu. Neno moja la ukoo linamnyima haki za mfanyakazi bila kumpa za mtoto. Na kwa kuwa mara nyingi aliyemleta kutoka Iringa au Singida ni shangazi au jirani wa kijijini, kudai mshahara ni kumvunjia heshima mtu ambaye mama yake atakutana naye kisimani.

Haikuwa hivi siku zote. Dar es Salaam ya ukoloni kazi za ndani zilikuwa za wanaume: mpishi, dobi, boi. Miaka ya 1940 walikuwa na chama chao cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, kilichohusishwa na jina la Saleh bin Fundi, na kilikuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo vya wafanyakazi Waafrika Tanganyika. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, lilipoundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu, watumishi wa majumbani walihesabika kama wafanyakazi wengine, na mwishoni mwa 1956 wao na wenzao wa mahoteli waligoma. Wazungu wa Oyster Bay wakajikaangia mayai. Naamini waliweza kwa sababu walikuwa watu wazima, wengi wana kaya zao, na jioni walikuwa na Kariakoo ya kukutania. Mwaka 1964 TFL likavunjwa, ikaja NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima chini ya serikali, na kadiri miaka ilivyokwenda kazi ya ndani ikahamia kwa mabinti waliomaliza darasa la saba. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Nani anaomba cheti cha kuzaliwa pale stendi Magufuli?

Haki ya kujiunga na chama ipo wazi kabisa kwenye sheria. Vifaa vya chama ndivyo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mahali penye geti la kiwanda, orodha moja ya mishahara na bosi mmoja mwenye watu mia.

Chukua kutambuliwa. Chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika, mwajiri analazimika kukitambua kama msemaji wao na kukaa nacho mezani. Nyumbani kwa yule bosi, jirani yangu, mfanyakazi ni mmoja. Siku anayojiunga, chama kina asilimia mia moja. Sheria inaruhusu hata mwakilishi mmoja mahali penye wanachama kuanzia mmoja hadi 9, kwa hiyo dada yetu ni mwanachama, ni wengi walioshinda kura, na ni kiongozi wa tawi, yote akiwa ameshika dekio. Kwenye karatasi ni ushindi. Ila chama kikitaka kuwafikia dada elfu moja wa Tabata, kitalazimika kukaa sebule elfu moja na kusaini mikataba elfu moja.

Ada nayo ni hivyohivyo. Kwa kawaida mwanachama hujaza fomu, TUF.6, mwajiri anakata kwenye mshahara na kuipeleka chamani ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mhasibu wa hoteli hufanya hivyo bila kujua sura ya aliyejaza. Dada wa kazi lazima aichukue fomu hiyo ampelekee mama mwenye nyumba mkononi, pengine wakati wa kutenga chakula. Matokeo yake vyama hupata ada kutoka kwa wenye mahoteli, na waajiriwa wanaohitaji msaada zaidi ndio wasioleta hela ya nauli ya ofisa wa kuwafuatilia. Chama nacho kina kodi ya ofisi. Nisingependa kulaumu hapo haraka.

Na mgomo? Utaratibu wake unataka usuluhishi kwanza, kura, kisha notisi ya saa 48. Jaribu kumpa notisi ya saa 48 mtu ambaye usiku huo unalala kwake, na mtoto anayelia ni yule unayembeba mgongoni tangu ana miezi mitatu.

Kwa sababu hizo CHODAWU, chama kinachowaunganisha wafanyakazi wa hifadhi, mahoteli na majumbani, kimekuwa kikipita njia ya pembeni: serikali za mitaa. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba ipi ina nani, na bosi anayemfungia geti ofisa wa chama hamfungii mwenyekiti anayemgongea muhuri wa barua ya utambulisho. KUDHEIHA, chama cha wenzao wa Kenya, nao huwafuata watu mtaani kwao. Kazi yenyewe haina fahari. Mwanachama mmoja, ambaye naye ni mfanyakazi wa ndani, anakaa karibu na bomba la maji, kwenye lango la shule ya awali saa sita watoto wanapochukuliwa, au nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza. Anaanza na habari za nyumbani, na siku ya tatu ndipo anauliza wanakupa ngapi. Wiki mbili baadaye kuna kundi la WhatsApp lenye jina la kikoba. Wasio na simu janja hupata habari kwa mdomo.

Mezani panabaki kiti kitupu, cha waajiri. Uruguay walikijaza. Mwaka 2006 walipitisha sheria ya kuwaingiza wafanyakazi wa majumbani kwenye mfumo wao wa majadiliano ya kisekta, ila hakukuwa na chama cha waajiri wa majumbani. Jumuiya ya akina mama wa nyumbani, iliyokuwepo kwa shughuli nyingine, ikakubali kukaa upande huo, na Novemba 2008 ikasaini mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi wa ndani. Mkataba mmoja ukafunika nyumba zote za nchi, zikiwamo za wasiojua kama kulikuwa na kikao. Tarehe 19 Agosti ni siku yao ya mapumziko yenye malipo. Sisi tuna bodi za mishahara za kisekta zenye wajumbe wa pande zote, na amri ya kima cha chini hutoka humo. Lakini bodi humpa waziri mapendekezo tu. Haikai na mtu kujadili chumba chenye komeo la ndani.

Komeo silitaji kwa utani. Mkataba wa kimataifa kuhusu wafanyakazi wa majumbani, namba 189, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani Juni 2011, ulitungwa wao wenyewe wakiwa ukumbini, na ndiyo maana unagusa mambo ambayo mwanasheria wa kawaida asingeyafikiria. Unasema mfanyakazi halazimiki kubaki ndani ya nyumba wakati wa mapumziko yake. Unasema hati yake ya kusafiria akae nayo mwenyewe. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2021 kwamba duniani wapo milioni 75.6, na wanane kati ya kila kumi wako kwenye ajira isiyo rasmi.

Hati ya kusafiria inawahusu zaidi dada zetu wanaopanda ndege kwenda Muscat, Riyadh na Dubai kutoka Unguja, Tanga na Mombasa. Kule ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa jina la mwajiri wake, na akitoroka nyumba mbaya anageuka mkosaji. Kuwait ilitunga sheria mwaka 2015 yenye siku ya mapumziko na kikomo cha saa 12 kwa siku, ikawa mbele ya majirani zake, lakini hapo ni haki alizopewa, si sauti. Lebanon, Januari mwaka huohuo, wafanyakazi wa ndani wahamiaji walijaribu kuunda chama chao na wizara ikakataa kukitambua.

Kuhusu sauti, Afrika Kusini ina mfano ambao naurudia kwa kila anayeniuliza chama kinasaidia nini. Mwaka 2012 mfanyakazi wa ndani wa Pretoria, aliyekuwa na uoni hafifu na ametumikia familia moja miaka 22, alizama kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri. Binti yake alipofuatilia fidia akaambiwa sheria ya fidia ya ajali kazini haiwahusu watu wa majumbani. Angeishia hapo. Chama cha wafanyakazi wa ndani, SADSAWU, kikasimama naye mahakamani kama mlalamikaji wa pili, kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na Novemba 2020 ikaamuliwa kwamba kuwaacha nje ni kinyume cha katiba, hata kwa walioumia kabla ya hukumu. Yatima mmoja hana miaka minane ya mawakili. Chama kinayo.

Nirudi Tabata. Miezi kadhaa baada ya ile Jumapili, yule wa hamsini alifukuzwa, kisa simu iliyopotea na ambayo baadaye ilipatikana chini ya kiti cha gari. Kwa kawaida hapo dada hukatiwa tiketi ya basi siku hiyohiyo, na malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Akishafika Singida siku hizo zinakwisha akiwa anapalilia alizeti. Huyu alilala kwa mama mwenye genge. Mama akampeleka mtaa wa pili kwa mwanachama wa chama, wakafungua fomu ya CMA, yaani ya Tume hiyo, kwenye meza ya plastiki, na wakakwama mstari wa juu kabisa: jina kamili la mwajiri. Alikuwa amefanya kazi mle mwaka mmoja na miezi minne. Alimjua kama Mama Junior.

Mjumbe ndiye aliyewapa jina. Kisha fomu lazima imfikie mlalamikiwa, na mlinzi wa geti akagoma kuipokea, geti lilelile ambalo dada huyo alilifagia kila asubuhi. Wakaituma kwa rejista ya posta, wakabaki na risiti.

Alikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Kila mwezi mstari mmoja: tarehe, kiasi, na alama ya vema. Mwezi mmoja ameandika "bado". Mwingine "40, sahani". Nilidhani daftari la mtu mwenyewe halitafika mbali, hadi yule wa chama aliponionyesha kifungu cha 15: mwajiri asipotoa mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Anayetakiwa kuwa na karatasi ni bosi. Wakapiga hesabu: upungufu wa 10,000 kwa miezi 16, mwezi wa "bado", notisi ya siku 28, likizo ya mwaka ambayo hakuwahi kwenda, na kiinua mgongo cha siku saba kwa mwaka mmoja uliotimia. Ikafika kama 346,000. Saa za ziada wakaziacha, hakuna aliyeziandika.

Sikuingia kwenye kikao, nilibaki kwenye benchi la nje. Walitoka na 240,000, maana madai ya zamani yana ukomo wa siku 60 na msuluhishi aliliweka hilo wazi mapema. Ofisa wa chama alisema angejiunga mwaka mmoja kabla, zingekuwa zaidi. Dada alizihesabu mara mbili, akazikunja ndani ya lile daftari.

Yule mwenzake, aliyeuliza "wanakupa ngapi", nilimkuta tena gengeni wiki ile. Hakushusha sauti. "Kaka," akaniambia, "na wewe wa kwako unampa ngapi?"

Nikamtajia. Safari hii mama mwenye genge aliacha mchicha, akainua uso.